Wageni Wakija, Mie Juu

Juzi nilikuwa natafuta kifungo cha kanzu ya mwanangu kwenye lile kopo la biskuti. Mnalijua nyote. Kila nyumba ya Waswahili hapa Maskati inalo, la bati, la buluu, na tangu tuzaliwe hakuna aliyelifungua akakuta biskuti. Nikatia mkono, kidole kikagusa kitu laini kama mgongo wa kifaranga. Nikakitoa. Kijiti cha mwanzi, chembamba, ncha moja imepindwa kama kijiko cha sisimizi, ncha ya pili ina kishada cha manyoya meupe, ingawa sasa yameshakuwa rangi ya chai. Nikakinusa. Bado kinanuka kafuri kidogo, majani ya chai kidogo, na mafuta ya nazi ya kichwa changu mwenyewe cha enzi hizo. Nikakaa chini pale pale na vifungo vyangu, hasira zikanipanda kama vile jambo lenyewe limetokea asubuhi ya leo.

Basi nakusimulieni. Nyie mliokuwa watoto wakati ule, mliovaa viatu vinavyowaka taa kisiginoni na kugombania rimoti moja watu sita, mtanielewa. Hawa wadogo zetu wasome wacheke tu.

Tulikuwa tunakaa Khuwair ya Kusini, chini, na juu yetu kuna nyumba nyengine, ngazi moja. Tulitoka Unguja mie mdogo, Kiarabu changu kikiwa "naam" na "la" basi, kwa hivyo skuli wakanitia darasa la watoto niliowapita kimo, nikakaa nyuma kama mnara wa simu. Elimu yangu ndio ikakomea msingi. Nalisema mapema ili asije mtu akanisahihisha huko mbele. Nyumbani alikuwepo Mama, Bibi mzaa Mama, dada yangu Raya, mie, na Baba, ambaye alikuwa kazini hata siku akiwa nyumbani.

Raya alikuwa mzuri, na nasema hivi bila ya kulazimishwa. Mweupe, nywele zinamwagika mpaka kiunoni, pua imechongwa na fundi aliyekuwa na nafasi. Mama vivyo hivyo. Bibi, uzee umemsinyaza, lakini na yeye alikuwa mweupe wa kutosha kujibu akiulizwa. Halafu mie. Mie nimetoka mweusi tititi, nywele za kipilipili za kukata chanuo, pua imekaa kitako kwa raha zake. Ukituweka mstari mmoja ungedhani Baba kaenda sokoni kununua ndizi, muuzaji akamtilia na kiazi kimoja cha bure.

Wallahi mie halikunishughulisha. Mtoto anajitazama kwenye kioo kuangalia jino limeng'oka au bado, basi. Waliokuwa wananitazama walikuwa wengine.

Juu yetu alikaa Mjapani. Mume alikuwa akifanya kazi Wattaya, kwenye yale maduka ya magari ya vioo vitupu, na mie simjui zaidi ya viatu vyake mlangoni. Mke ndiye Mama Haruko, na huyu alikuwa kioja, maana alikuwa akisema Kiswahili. Si hichi chetu. Kiswahili cha bara, kimenyooka, kimepigwa pasi na wanga. Kabla ya kuolewa alipelekwa Tabora akafundisha elimu ya viumbe kwenye skuli ya sekondari. Siku ya kwanza kanikuta kwenye ngazi, kainamisha kichwa, kaniambia, "Habari za asubuhi, mtoto mzuri. Mimi ninaitwa Haruko. Ninaomba unielekeze mahali wanapouza ndimu."

Nikacheka mpaka nikakaa. "Shikamoo. Nnakupeleka mwenyewe. Lakini umejifunza wapi kusema kama redio?"

Akacheka na yeye, mkono umeziba mdomo. Halafu akanitazama vizuri, akasema, "Una sura ya wanafunzi wangu wa Tabora. Kabisa. Kama ningekuona kule, ningekuuliza kwa nini hujavaa sare."

Mie nikaona nimesifiwa. Mchana, tumekaa kwenye mkeka tunakula, nikatangaza: "Mama, yule Mjapani kasema nna sura ya watu wa Tabora!"

Kijiko cha Mama kikagonga sinia. Raya akainamia wali wake. Mama akasema, "Kula, usiseme na chakula mdomoni," na mie sikuwa na chakula mdomoni, nilikuwa nshameza. Bibi peke yake aliendelea kutafuna, pole pole, kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili.

Jioni Bibi akanivuta mkono. "Kamuulize huyo Mjapani wako. Tabora bado wana asali ile nyeusi?"

Nikapanda, nikauliza, nikateremka. "Kasema ipo, wanauza njiani, kwenye chupa."

Bibi alijifuta midomo kwa ncha ya kanga kama mtu aliyekwisha kula, akageukia ukuta. Nikajiambia wazee wanapenda tamu, basi.

Halafu ikaja posa ya Raya.

Kijana anaitwa Seif, kazi nzuri, gari nzuri, na kwao ni watu wa ndani, kule milimani, watu ambao babu zao hawakuvuka bahari hata siku moja. Sasa nyie mnajua mambo yetu. Kabla ya wanaume kuja kusema neno, wanakuja wanawake kutazama. Wanakunywa kahawa, wanakula halwa, wanauliza ukoo gani, babu nani, mama wa babu nani, macho yanazunguka nyumba nzima kama wanatafuta nyufa. Na sisi tuliotoka Unguja tulikuwa na swali letu moja tunaloliogopa kuliko mtihani wa skuli: huko Afrika, mlichanganya damu?

Mama alifukiza ubani mpaka tukawa tunakohoa. Mama yake Seif na dada zake walipokaribia kufika, akaniita jikoni, akanipa sahani ya sambusa imefunikwa kitambaa, akaniambia kwa sauti ya siri: "Mpelekee Mama Haruko. Na ukae naye, umfundishe Kiswahili chetu, kile chake kibaya. Usishuke mpaka nikuite."

Jamani, nilivyofurahi! Raya anavishwa tu na kukalishwa kama mto wa kochi, mie nna kazi. Nimetumwa kwa watu wa nje, kama balozi. Nikavaa na nguo yangu ya Idi. Nilipanda ngazi zile kichwa juu, na sambusa zinanukia hiliki na nyama, na nyuma yangu nikasikia Mama anashusha pumzi. Nikajiambia, masikini Mama, kachoka na wageni.

Kule juu kulikuwa kumekaa kimya na baridi, AC yao haina mngurumo kama yetu. Mama Haruko akala sambusa mbili, akafumba macho, halafu akaona ninajikuna sikio. "Njoo," akasema. Akapiga piga paja lake. Nikalaza kichwa. Akatoa kijiti cha mwanzi.

Sijui niseme vipi raha ile. Sisi kwetu ukisafishwa masikio unashikwa kama mbuzi wa Idi. Yeye alikuwa akikwangua pole pole, unasikia krrr, krrr, kama mtu anatembea kwenye changarawe mbali sana, halafu anageuza kijiti anakupitishia yale manyoya, na mwili mzima unasisimka mpaka nyayo. Halafu akaniwekea alichokitoa juu ya karatasi nyeupe, tukakitazama wote wawili.

"Angalia," akasema. "Yako ni laini, ina mafuta. Sasa tazama yangu." Akajikwangua mwenyewe, akaweka pembeni. Ya kwake ilikuwa kavu, magamba magamba, kama ngozi ya kitunguu. "Watu wa kwetu wengi wako hivi. Watu wa kwenu wengi wako kama wewe. Unapata kutoka kwa baba na mama. Kurithi huko, kwa Kijapani tunaita iden."

"Iden," nikasema.

Akachukua kalamu, akachora herufi mbili, kila moja kama nyumba yenye vyumba vingi. "Hii ya kwanza, kitu kilichoachwa nyuma. Tunaandika hivi hivi kwenye neno la wasia. Hii ya pili, kupitisha. Mtu ameacha, mtu amepokea. Iden."

Basi ndio tukaanza. Kila wageni wakija, mie juu, na kila nikiwa juu napewa maneno. Mara ya pili alinipa mawili. Alinieleza kwamba kwa jambo kama la nta ya sikio, mtoto anapewa vitu viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Vikikutana vya namna mbili, kimoja kinaonekana, cha pili kinajificha. Kinachoonekana kinaitwa yuusei. Kinachojificha kinaitwa ressei. "Nta laini ni yuusei. Nta kavu ni ressei."

"Na hizi herufi zinasema nini?"

Hapo akasita kidogo. Mwalimu akisita ujue umegusa penyewe. "Yuusei," akasema, "ni bora. Tabia bora." Akanionesha: upande huu mtu kasimama, upande ule ana wasiwasi tele.

"Huyo ndiye bora? Mtu aliyejaa wasiwasi? Basi bora ni Mama."

Akacheka, mkono mdomoni. "Na ressei ni... duni." Herufi yake juu ina kidogo, chini ina nguvu. Nguvu kidogo.

Nikafikiri. "Kwa hivyo kwenye sikio, mie bora, weye duni."

"Kwenye sikio, ndiyo."

"Na Wajapani karibu wote duni."

"Kwenye sikio."

Nilicheka mpaka machozi. Nikamwomba ile karatasi yenye nta yangu niende nayo nyumbani niwaoneshe, akakataa, akasema kuna mambo ya kitaalamu yanayobaki kwa wataalamu.

Siku hiyo hiyo, nateremka na sahani tupu, nikadhani wageni washaondoka. Nikakutana na mama yake Seif chini ya ngazi, anavaa viatu. Mwanamke mnene, ana uso mwema, ananukia udi. Akanishika kidevu, akaniuliza kwa Kiarabu, "Ulikuwa wapi, mama? Mama yako yuko jikoni?"

Na Mama kweli alikuwa jikoni. "Naam," nikasema, neno nililokuwa nalijua vizuri.

"Masikini. Mtoto na adabu zake." Akafungua mkoba, akanitia peremende viganjani, mikono yote miwili ikajaa.

Nikakimbilia jikoni. "Mama! Mama yake Seif kanipenda! Kanipa peremende! Kaniuliza mama yako yuko jikoni, nikamwambia ndiyo!"

Mama alikuwa anaosha vikombe. Aliacha maji yanamwagika. Alinitazama, akatazama peremende, akatazama sahani niliyoibeba kifuani, na uso wake ukawa kama mtu aliyemeza mfupa. Halafu akasema, "Vizuri." Basi. Akarudi kwenye vikombe vyake. Mie nikakaa kizingitini nikala peremende zangu, najiona nimefanya kazi ya maana, nimeituliza harusi ya dada yangu kwa neno moja tu la Kiarabu. Mtoto mjinga ana raha zake, asikudanganye mtu.

Ikafika siku ya milka, siku ya kufunga ndoa. Wanaume wako majlisi na shekhe, wanawake wako chumba cha ndani, nyumba imejaa, viatu vimepandana mlangoni. Raya yuko ndani, kavaa kijani na dhahabu, mikono ina hina mpaka kwenye viwiko. Na mie Mama ananipa sahani ya sambusa.

"Leo tena?" nikasema. "Leo si ndiyo yenyewe?"

"Panda, mwanangu."

"Nataka kumuona Da Raya."

"Utamuona kesho. Panda, usinitie aibu."

Lile neno lilinishika mguu ngazi nzima. Nikafika juu, nikaweka sahani, nikalaza kichwa pajani kwa Mama Haruko bila ya kuambiwa. Chini walianza vigelegele. Yeye akawa ananikwangua sikio, kimya kimya. Halafu, ili kunichangamsha, akaniuliza kama mwalimu: "Haya, unakumbuka. Ressei ni nini?"

"Ni kile kinachojificha," nikasema, "mwenzake akiwepo."

Na nikasikia mwenyewe nilichokisema.

Nikakaa kitako. "Ndiye mie," nikamwambia. "Wakija wageni, Raya anaonekana, mie nafichwa. Mie ressei. Mie duni wa kwetu."

Mama Haruko akaweka kijiti chini. "Nani amesema unafichwa?"

"Hakuna aliyesema. Natumwa tu sambusa. Weye ushaona wapi sambusa zinapanda kila wakija wageni?"

Uso wake uliingia wekundu, na yeye alikuwa mtu wa kuficha uso. "Sikiliza," akasema. "Hakuna mtu anayeitwa ressei. Ni jina la kitu kimoja kidogo ndani ya mwili. Rangi ya ngozi siyo hata kitu kimoja, ni vingi vinachanganyika, hakuna mkubwa wala mdogo. Na kinachojificha si kibaya. Kimefunikwa tu. Kipo."

"Sasa kama kimefunikwa tu, nani aliyekiita duni?"

"Wataalamu wa zamani walichagua herufi."

"Na nyie mkanyamaza?"

"Mimi nimefundisha neno hili kwetu. Kila darasa, mtoto mmoja aliuliza swali lako. Niliwaambia: litumieni kwenye mtihani, msilitumie kwa watu."

"Hilo si jawabu," nikamwambia. Hebu fikirini na nyie. Mtu unamfunika wewe, kwa mkono wako, unamtilia kifuniko, halafu kwa sababu haonekani unamwita duni! Ungemwacha wazi tungeona nani ana nguvu kidogo!

Akavuta karatasi, akaandika herufi nne, pole pole, kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote. "Hili ndilo lako. Kakusei iden. Kurithi kwa kuruka kizazi. Kitu cha mzee wa zamani kinapita kimya kimya, hakionekani kwa huyu, hakionekani kwa yule, halafu kinatokea kwa mtoto. Wewe hujaokotwa. Kuna mtu katika nyumba yenu alikuwa na sura hii hii. Wanamjua." Akanifuta pua kwa leso yake. "Hilo halina bora wala duni ndani yake. Nimeliangalia herufi kwa herufi."

Nikaikunja ile karatasi, nikaitia kifuani mwa nguo. Nikachukua sahani, sambusa zangu zote juu yake, nikateremka. Hakunizuia. Nilisikia mlango wake unabaki wazi nyuma yangu.

Chumba cha ndani kilikuwa na moshi wa ubani na marashi, mikono mingi ya dhahabu, na Raya katikati anang'aa kama taa ya dukani. Nikaingia na sahani. Ngoma haikusimama, dunia haikupinduka, usidhani. Wanawake wakanyoosha mikono wakachukua sambusa. Mama ndiye aliyeganda, birika la kahawa mkononi.

Mama yake Seif akaniona, akafurahi kweli kweli. "Huyu hapa!" akasema kwa Kiarabu, watu wote wanasikia. "Mtoto wa shaghala wenu. Jamani, ana adabu mtoto huyu. Umm Raya, naomba umpe na yeye sahani yake ya halwa, na umpelekee mama yake huko jikoni. Leo siku ya furaha."

Shaghala ni mtumishi wa ndani, hilo neno na mie nilikuwa nalijua. Ndipo nilipoelewa zile peremende. Ndipo nilipoelewa jikoni.

Nikamtazama Mama. Sikulia. Nilisimama tu nikamngojea, maana neno lenyewe lilikuwa fupi, "binti yangu," hata Kiarabu changu mie kingelifikia. Raya naye akanyanyua kichwa akamtazama. Midomo ya Mama ikafunguka, ikafumba, ikafunguka.

"Inshallah," akasema Mama.

Inshallah! Nimelibeba neno hilo mpaka leo. Ati inshallah, nitampa halwa mtoto wa mtumishi. Raya akasema, "Mama!" lakini kwa sauti ya bi harusi, sauti ya kuku aliyefunikwa tenga.

Aliyesimama ni Bibi. Kusimama kwake ni safari, kwanza goti moja, halafu mkono ukutani, halafu dua. Chumba kizima kikanyamaza kumngojea afike juu. Akaja, akanishika bega, na vidole vyake vilikuwa kama koleo. Akasema kwa Kiarabu safi, kile cha babu yangu, ambacho sikuwahi kumsikia akikitumia kwa wageni:

"Huyu si mtoto wa shaghala. Huyu mama yangu."

Watu wakadhani kachanganyikiwa. Mmoja akacheka.

"Mama yangu mie, aliyenizaa," akasema Bibi. "Mnyamwezi wa Tabora. Baba yangu kamuoa huko, kamleta Unguja, na alikuwa hivi." Akanigeuza uso, huku na huku, kama anaonesha kitambaa. "Pua hii. Nywele hizi. Jicho hili la ujeuri. Amekufa mie mdogo, sina hata picha. Mungu kanirudishia kwenye mjukuu. Na mie nimekaa kimya kwenye zulia hili, naiona sura ya mama yangu inapandishwa juu na sambusa. Haya, aliyekuja kuuliza asili, asili yetu hii hapa. Imesimama. Mkiitaka chukueni, hamuitaki viatu viko mlangoni."

Na mie, nikiwa na hamu ya kuchangia, nikachomoa karatasi yangu kifuani nikasema, "Inaitwa kakusei." Hakuna aliyenisikiliza.

Sasa mnangoja kusikia kilichotokea. Posa ilivunjika? Wageni walitoka? Ndio maana hasira zangu hazijaisha. Hakikutokea kitu! Mama yake Seif alikaa mdomo wazi, halafu akajipiga paja. "Astaghfirullah! Mbona hamkuniambia? Mtoto wa nyumba nampa peremende kama maskini wa mlangoni!" Akanivuta, akanikalisha karibu naye, akaninyoosha nywele kwa kiganja, zisinyooke. "Na bibi yangu mie alikuwa vivyo hivyo," akaongeza, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Kwetu tukimwita Mama Mweusi, na ndiye aliyetulea sote." Halafu akageukia kitu kilichokuwa kinamuuma kweli: akauliza kama Raya anajua kupika harisi, maana tumbo la Seif halitaki chakula kigumu.

Miezi ile yote! Sahani zile zote! Nimefichwa watu wasione kitu ambacho wao wenyewe wanacho nyumbani kwao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, sisi tulikuwa tunajijibu wenyewe. Bibi nilimbusu mkono, lakini na yeye nina yangu kwake, Mungu amrehemu. Jibu alikuwa nalo tangu siku ya asali. Na Mama hakusema neno, siku ile wala siku zilizofuata. Kwenye picha za harusi niko mbele kabisa, katikati, Bibi kanishika bega. Mama yuko pembeni, anatazama kitu nje ya picha.

Mama Haruko na mumewe walihamishwa baadaye. Aliniachia kijiti. Namba yangu kaipata kwa Raya, siku hizi ananitumia sauti, Kiswahili chake bado kimepigwa pasi. Siku moja akaniambia, "Nina habari njema. Wataalamu wa kwetu wameacha yale maneno. Sasa hawasemi bora na duni. Wanasema kensei, yenye kuonekana, na sensei, iliyozama chini. Nilikumbuka siku ile uliponikasirikia." Nikasikiliza mara mbili. Sensei, kwa sikio langu, ni kama wanavyomwita mwalimu. Nikamjibu: nashukuru kwa kupandishwa cheo na darasa langu la sita, lakini nyie wataalamu mmechukua muda wenu, mtoto ameshaota mvi.

Basi juzi, niko chini na vifungo, kijiti mkononi, Mama akaniita kutoka chumbani. Anakaa kwangu sasa. Wiki nzima analalamika masikio yameziba, na mie najiambia ameziba tangu zamani. Nikaingia na kijiti. Nikapiga piga paja langu. Akalaza kichwa, kile kichwa chake cha nywele laini, sasa nyeupe zote, chepesi kama hakina mtu ndani.

Nikakwangua pole pole. Krrr, krrr.

"Yako laini," nikamwambia. "Kama yangu. Hii nimeitoa kwako."

"Alhamdulillahi," akasema. "Kimoja kimetoka kwangu."

"Hayo mengine yalikuruka. Yametoka kwa mama yake Bibi, yakapita juu ya kichwa chako, yakaniangukia mie."

Nikageuza kijiti, nikampitishia manyoya, mwili wake ukasisimka kama wa mtoto. Halafu akanishika kifundo cha mkono, akanizuia, jicho lake moja linanitazama kutoka chini.

"Hayakuniruka," akasema. "Yangekufikia vipi, bila ya kupita kwangu? Nilikuwa nayo mie. Siku ile na sahani, nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo siku zote."

Mkono wake haukuniachia. Sikumwambia nimesamehe, maana bado sijui. Nilimwambia ageuke, sikio la pili bado.